Jinsi ya Kumshawishi Mbunge Wako Apanue Bima ya Afya kwa Wasio na Uwezo: Mwongozo kwa Mkazi wa Nairobi

Jirani yangu wa ploti, mama wa watoto watatu anayefua nguo za watu Eastleigh mchana na kurudi Huruma jioni, aliniletea simu yake nimsaidie kusoma ujumbe. Alikuwa amejisajili na SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, kupitia *147#, akajibu maswali kuhusu paa, sakafu, choo na maji, kisha mfumo ukampangia kiasi cha kulipa. Aliniuliza, "Hii ni ya mwezi?" Nilipomweleza kwamba ni ya mwaka mzima na kwamba inatakiwa kwa mkupuo, aliitazama tena ile simu, akaifunga, akaitia ndani ya fundo la leso. Mwanawe wa pili alikuwa na pumu. Siku chache baadaye alilazwa hospitalini na bili ikatulizwa kwa mchango wa ploti nzima, mia kwa hamsini.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu michango ya namna hiyo hufanyika kila wiki katika mitaa yetu, ilhali sheria ya nchi imekwisha kutamka kwamba asiye na uwezo alipiwe na serikali. Kazi iliyobaki ni kuwasukuma wale tuliowachagua watenge fedha za kutekeleza walichokipitisha wenyewe, na kazi hiyo ina njia zake, tarehe zake na karatasi zake.

Kwanza: Elewa sheria inasema nini na pengo liko wapi

Usiende kwa mbunge kabla hujaweza kueleza mambo haya kwa maneno yako mwenyewe, kwa dakika tatu, bila karatasi.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Huo ndio msingi. Juu yake kumejengwa sheria nne zilizotiwa saini Oktoba 2023, na kubwa kati ya hizo kwa hoja yetu ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoiondoa NHIF, hazina ya bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, na kuiweka SHA mahali pake. Utoaji wa huduma chini ya SHA ulianza tarehe 1 Oktoba 2024.

SHA inasimamia mifuko mitatu, na ni muhimu uitofautishe kwa sababu kila mmoja una chanzo chake cha fedha. Wa kwanza ni mfuko wa afya ya msingi, unaolipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, na mgonjwa haulizwi mchango mradi amesajiliwa. Wa pili ni mfuko wa bima yenyewe, unaogharimia mambo makubwa kama kulazwa na upasuaji, na huo ndio unaodai mchango. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaotakiwa kumpokea mgonjwa pale bima yake inapokwisha. Mfuko wa kwanza na wa tatu hutegemea sana kile Bunge linachokitenga katika bajeti, na michango ya wasio na uwezo katika mfuko wa pili vivyo hivyo. Hapo ndipo mbunge wako anapoingia.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake kisha akapangiwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 3,600, na sheria inamtaka alipe ya mwaka mzima. Chini ya NHIF, mwenye kipato kisicho rasmi alilipa 500 kila mwezi. Kwa hiyo kiwango cha chini kimeshuka, lakini namna ya kulipa imekuwa ngumu kwa mtu anayepata riziki yake kwa siku. Baadaye serikali ilileta mpango wa kulipa polepole kwa mkopo, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itawalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hatua zote mbili ni za kushukuriwa. Hata hivyo, kilichotangazwa jukwaani huweza kupungua au kusimama kimyakimya mwaka wowote usipokitetea katika makadirio ya bajeti.

Pili: Amua unaomba nini hasa

Hapa ndipo makundi mengi hukosea. Huingia ofisini na kusema, "Mheshimiwa, tusaidie mambo ya afya," naye hujibu kwamba afya ni jambo analolipa uzito mkubwa, mnapigwa picha, mnarudi nyumbani. Ombi zuri ni lile ambalo mbunge anaweza kulijibu kwa ndiyo au la, na ambalo unaweza kulithibitisha baadaye kwa kusoma karatasi.

Kwa maoni yangu, ombi la kwanza liwe fungu la fedha lililotajwa kwa jina lake katika makadirio ya Wizara ya Afya, la kuwalipia michango wasio na uwezo, lenye idadi ya kaya zitakazolipiwa. La pili, kama kundi lenu lina nguvu ya kubeba mawili, liwe marekebisho ya sheria yatakayomruhusu asiye na mshahara alipe kwa mwezi bila kulazimika kukopa. Kuna mengine ya haki kabisa: dawa za kutosha katika zahanati, vigezo vya kumtambua asiye na uwezo vibandikwe hadharani, njia rahisi ya kukata rufaa kwa aliyepimwa vibaya. Chagueni. Barua yenye maombi tisa hujibiwa kwa lile jepesi kuliko yote.

Jambo la vigezo nataka nilikazie kidogo, kwa kuwa nimeliona kwa macho. Maswali ya upimaji yanatazama nyumba na vitu vilivyomo. Mtaani kwetu mtu anaweza kuishi katika ghorofa ya mawe yenye sakafu ya saruji na choo cha kuvuta, chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, akilala watu sita humo, kodi ikiwa imemshinda miezi miwili. Akiyajibu maswali kwa ukweli, ukuta wa mwenye nyumba ndio unaomfanya aonekane ana nafuu. Ukimweleza mbunge wa Nairobi jambo hili atalielewa mara moja, maana ndiyo makazi ya wengi waliompigia kura.

Tatu: Jua nani ana mamlaka gani

Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85, na kila mkazi ana wawakilishi wanne anaoweza kuwaendea kwa jambo hili. Mbunge wa eneo lako na Mwakilishi wa Wanawake wote hukaa katika Bunge la Taifa, na Bunge hilo ndilo linaloidhinisha matumizi ya serikali kuu. Fedha za kuwalipia wasio na uwezo hupita mikononi mwao. Seneta hana kura katika makadirio ya wizara, lakini ana sauti katika mgao wa fedha za kaunti na katika sheria zinazogusa kaunti, nayo afya ni mojawapo. Mwakilishi wa wadi, MCA, hukaa katika Bunge la Kaunti, na kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, vituo vya afya vya kaunti, ambulensi na huduma za msingi ni jukumu la kaunti. Malalamiko ya zahanati isiyo na dawa mpelekee huyo kwanza.

Ndani ya Bunge la Taifa kuna kamati mbili unazopaswa kuzifahamu, yaani Kamati ya Afya na Kamati ya Bajeti na Matumizi. Chunguza kama mbunge wako ni mwanachama wa mojawapo. Ikiwa ndiye, uzito wa barua yako umeongezeka mara kadhaa. Ikiwa siye, mwombe aandike kwa mwenyekiti wa kamati na akupe nakala ya alichoandika.

Nne: Kusanya ushahidi wa mtaa wako

Takwimu za nchi nzima mbunge anazo au anaweza kuzipata. Asichokuwa nacho ni hali ya ploti zako. Tembeeni nyumba kwa nyumba, watu wawiliwawili, ikiwezekana mkiwa na mhudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa hao CHP wanazijua nyumba na wanaaminika. Ulizeni mambo manne tu: Je, umesajiliwa na SHA? Ulipangiwa kiasi gani? Umelipa? Kama hujalipa, kwa nini? Andikeni katika daftari moja, nyumba kwa nambari na si kwa jina. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri yake na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Atakayekubali kusimulia kisa chake hadharani akubali mwenyewe, kwa maandishi, akijua kitasomwa wapi.

Mkitaka habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa mfano idadi ya kaya zilizolipiwa katika eneo bunge lenu, iombeni chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ikinyamaza mnaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman. Ombi hilo ni barua fupi isiyohitaji wakili.

Tano: Fuata kalenda ya bajeti

Ikiwa kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kuibandika ukutani, ni hii. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na watu wengi huanza kupiga kelele Juni wanaposikia hotuba ya bajeti redioni, wakati chungu kimekwisha kuepuliwa.

Mwishoni mwa mwaka, wizara huwasilisha mahitaji yake kwa makundi ya kisekta, ambayo huwa na vikao vya umma hapa Nairobi. Sisi tunaoishi mjini tuna bahati ya kuvifikia kwa nauli ya matatu, na hatuna udhuru wa kuviacha vipite. Kufikia tarehe 15 Februari, Hazina ya Taifa hupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, inayoweka viwango vya juu vya matumizi ya kila sekta, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Viwango hivyo vikishapitishwa, kuongeza fedha za afya baadaye ni sharti upunguze za mwingine. Kwa hiyo barua yako ya kwanza na imfikie mbunge Januari.

Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe huwa yamefika Bungeni, na Ibara ya 221 ya Katiba inailazimu kamati itafute maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo. Mei ndio mwezi wa kutoa maoni hayo. Juni ndio mwezi wa kumkumbusha mbunge kura yake.

Kaunti nayo ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili.

Sita: Barua na kikao

Barua isizidi ukurasa mmoja. Itaje wadi yako mwanzoni kabisa, kwa sababu karani wa ofisi ya mbunge hutazama kwanza kama mwandishi ni mpiga kura wao. Mfano ni huu, ujazwe kwa habari zenu:

"Mheshimiwa, sisi ni wakazi na wapiga kura wa wadi ya ____. Mwezi wa ____ tulitembelea nyumba ____ katika mtaa wetu. Tulikuta ____ zimesajiliwa na SHA, na kati ya hizo ni ____ tu ambazo zimelipa mchango. Waliobaki walitueleza kwamba hawawezi kutoa ya mwaka mzima kwa mara moja. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii inaitaka serikali iwalipie wasio na uwezo. Tunakuomba uunge mkono fungu la fedha kwa ajili hiyo katika makadirio ya Wizara ya Afya ya mwaka ujao, na utujulishe kwa maandishi msimamo wako kabla ya tarehe ____. Tunaomba pia kikao cha nusu saa nawe."

Ipelekeni kwa mkono katika ofisi ya eneo bunge, mkiwa na nakala ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, mtaambiwa haikuonekana.

Siku ya kikao nendeni watu watano au sita, mmoja awe mzungumzaji, mmoja mwandishi, na mmoja awe mtu aliyepatwa na jambo lenyewe. Yule mama wa leso alipokubali kuja nasi, hakutoa hotuba. Aliweka mezani karatasi ya bili na orodha ya mchango wa ploti, majina na pesa, wa mwisho akiwa kijana wa mkokoteni aliyetoa shilingi 20. Ofisi ilitulia.

Jiandaeni kwa mambo mawili. La kwanza ni ukarimu. Mbunge anaweza kutia mkono mfukoni amsaidie mgonjwa mmoja papo hapo, na hapo kundi zima hushukuru na kusahau lililowaleta. Pokeeni kwa heshima kilicho cha mgonjwa, kisha mzungumzaji arudi pale alipokatizwa: "Ahsante sana, Mheshimiwa. Sasa kuhusu lile fungu la bajeti." La pili ni swali la pesa zitatoka wapi. Semeni kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Semeni kwamba Ghana huitegemeza bima yake kwa tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, kwamba Rwanda iliwalipia maskini kabisa michango ya bima yao, na kwamba Thailand tangu 2002 iliwaingiza watu wasio na ajira rasmi katika bima kwa fedha za kodi badala ya kuwafuata mmoja mmoja kudai mchango. Tena watu wasio na uwezo serikali haianzi kuwatafuta gizani: Inua Jamii tayari ina orodha ya wazee, mayatima na walemavu inaowapa shilingi 2,000 kwa mwezi, na orodha hiyo inaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Msimtukane mtu wala msitishie. Mnaweza, hata hivyo, kumkumbusha kwa upole kwamba uchaguzi mkuu ni Agosti 2027 na kwamba mtawasomea majirani jibu lake, liwe lipi.

Saba: Ombi rasmi kwa Bunge

Barua ikikosa jibu, au likija jibu lisilo na kitu, Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi hili lina masharti ya umbo, na nimeshuhudia ombi zuri likirudishwa kwa kosa dogo la karatasi, kwa hiyo yashikeni.

Liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa Ibara ya 120, na msimruhusu mtu awaambie vinginevyo. Lugha iwe ya staha. Pasiwe na maneno yaliyofutwa au kuchomekwa juu ya mstari. Kama lina kurasa nyingi, mada yake iandikwe juu ya kila ukurasa. Lieleze ni juhudi gani mmekwisha kufanya kwa ofisi husika na mlijibiwa nini, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapowafaa. Liseme kama jambo liko mahakamani au la. Limalizie kwa maombi yaliyo wazi. Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho na kutia saini au alama ya kidole gumba moja kwa moja juu ya karatasi ya ombi. Saini zilizobandikwa kutoka karatasi nyingine hazikubaliki. Msiambatishe barua wala viapo. Ushahidi wenu muwe nao tayari kwa siku mtakapoitwa na kamati.

Kuhusu mahakama muwe waangalifu. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria tatu kati ya zile nne, ikiwamo ya Bima ya Afya ya Jamii, zilikuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikausimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kabla ya kutia saini, ulizeni kituo cha msaada wa kisheria hali ya kesi ilivyo siku hiyo, ili muandike kweli tupu. Kesi hiyo pia iwatie moyo: maoni ya raia wa kawaida ni sharti la sheria kusimama.

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, Sanduku la Posta 41842-00100, Nairobi, au mbunge aliwasilishe kwa niaba yenu.

Nane: Kutoa maoni mbele ya kamati

Kamati inapotaka maoni, hutangaza katika magazeti na katika tovuti ya Bunge, mara nyingi kwa siku chache tu. Mmoja wenu apewe kazi ya kutazama matangazo hayo kila Jumanne na Ijumaa, kwa jina, ili asiwepo wa kusema alidhani mwingine ataangalia. Maoni yaandikwe kwa safu tatu: kifungu kinasemaje, mnapendekeza kisemeje, na kwa nini. Makarani wa kamati hufanya kazi kwa mpangilio huo, na pendekezo lililokuja tayari limepangwa hivyo huwa rahisi kuingia katika ripoti.

Tisa: Kufuatilia

Baada ya kikao, andikeni siku hiyohiyo barua ya shukrani inayorudia kila alichoahidi mbunge na tarehe yake. Ripoti ya Kamati ya Bajeti ikitoka, itafuteni na mtazame fungu la Wizara ya Afya. Someni Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa Bungeni, mjue kama mbunge wenu alisimama kusema. Fungu likiwamo, haliko salama bado, kwa kuwa fedha zilizopitishwa si lazima zitolewe. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za kila robo mwaka huonyesha kilichotoka Hazina kweli. Likipungua katika bajeti ya nyongeza, barua mpya iende wiki hiyohiyo, ikiwa na nakala ya ahadi.

Na kila robo mwaka rudini katika nyumba zilezile za daftari, kwa nambari zilezile, mkaulize maswali yaleyale manne. Ukurasa wa kulia uachwe wazi kwa majibu mapya.